Hizi tozo za kaboni zinalibadilisha vipi soko la mafuta na gesi, na nani hasa anazilipa?

Hesabu_za_Mizigo ameandika:

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada kwenye jambo moja maana kila ninayemuuliza ananijibu juu juu. Mimi niko upande wa hesabu kwenye usafirishaji, kazi yangu kila siku ni kupitia invoisi za meli kabla hazijalipwa. Tangu 2024 kila mzigo unaogusa bandari za Ulaya unakuja na mstari mwingine chini ya ule wa mafuta ya meli, wanaandika tozo ya vibali vya kaboni, mwanzoni ilikuwa hela ndogo hata hatukuihoji, mwaka uliofuata ikapanda, mwaka 2026 imepanda tena na wateja wameanza kupiga simu wanataka maelezo na mimi sina.

Nikaanza kusoma kidogo nikajikuta nimechanganyikiwa zaidi. Nilidhani ukitoza kaboni basi bei ya pipa inapanda, imeisha. Kumbe wengine wanasema bei ya mafuta ghafi inashushwa, wengine wanasema gesi ndo inafaidika, wengine wanasema gesi nayo inakwenda kufungiwa mlango. Ofisini tumebishana mpaka tumechoka. Anayejua anieleweshe: hizi sheria zinalifanya nini soko la mafuta na gesi, na hela inatoka mfukoni mwa nani, mwenye kisima, mwenye meli au mlaji? Natanguliza shukrani.

Pipa_na_Tani amejibu:

Mkuu karibu. Nianze na huo mstari wa invoisi kwa sababu hesabu yake haina siri. Meli ikichoma tani moja ya mafuta mazito inatoa takriban tani 3.1 za hewa ukaa (uzito unaongezeka kwa sababu kaboni inaungana na oksijeni ya hewani). Chukua meli ya makontena inayochoma tani 100 kwa siku, hizo ni tani 310 za ukaa kila siku. Ulaya wanahesabu nusu yake kama bandari moja ya safari iko nje ya eneo lao, na yote kama bandari zote mbili ziko ndani. Tuseme kibali, yani ruhusa ya kutoa tani moja ya ukaa ambayo lazima uinunue, ni euro 70 kwa tani, basi tani 155 mara 70 unapata euro 10,850 kwa kila siku meli ikiwa njiani. Hiyo ndo inayogawanywa kwenye makontena mpaka inakufikia wewe.

Na kwa nini inapanda kila mwaka, ni kwa sababu sheria iliingizwa kwa awamu. Kwa hewa iliyotolewa 2024 wenye meli walitakiwa walipie asilimia 40, ya 2025 asilimia 70, na kuanzia ya 2026 ni asilimia 100. Kwa hiyo hata bei ya kibali isingesogea hata senti moja mstari wako ungepanda tu. Juu ya hapo kuanzia 2026 wanahesabu na methani na oksidi ya naitrasi, hii inazigusa sana meli zinazotumia gesi ya kimiminika maana injini nyingi za gesi zinapitisha kiasi cha methani bila kuichoma. Zile meli walizokuwa wanaziita safi zinaanza kulipia kitu ambacho zamani hakuna aliyekipima. Wateja waelezee hivyohivyo, na ukiweza omba kampuni ya meli ikuonyeshe kiasi cha mafuta kilichotumika kwenye hiyo njia, ukizidisha mwenyewe utaona kama wanakutoza gharama halisi au wameongeza na faida yao.

Sasa twende kwenye pipa. Pipa moja la mafuta ghafi likishachomwa lote linatoa karibu tani 0.43 za ukaa. Kwa hiyo ukitoza dola 50 kwa tani ni sawa na kuongeza dola 21 na nusu kwenye pipa. Kwa lita ya petroli, ambayo inatoa kama kilo 2.3, ni senti 11 na nusu za dola. Sio kidogo, lakini ukilinganisha na namna bei ya mafuta inavyoyumba yenyewe kwa vita na maamuzi ya OPEC sio kitu cha kumfanya mtu auze gari kesho. Hapo ndo watu wanakata tamaa mapema, wanaona tozo imewekwa na magari bado yako barabarani wanasema haifanyi kazi. Madhara yake yanakuja taratibu, mtu anapobadilisha gari, kampuni inapobadilisha boila, sio siku ile ile.

Nani analipa? Inategemea ukubwa wa anayetoza. Nchi ndogo ikijitoza peke yake, bei ya dunia haitikisiki, mlaji wa nchi ile anabeba karibu yote. Likitoza soko kubwa kama Ulaya hali ni nyingine, matumizi yakipungua pale muuzaji anabaki na mapipa ambayo lazima ayauze kwingine kwa bei ya chini kidogo, na bei ya chini ikishaingia sokoni inamgusa kwa mapipa yake yote. Mlaji analipa zaidi, mwenye kisima anapokea pungufu, serikali inachukua hiyo tofauti ya katikati. Ndo maana wauzaji wakubwa wa mafuta wanazipinga hizi tozo hata zikitozwa maelfu ya kilomita kutoka kwenye visima vyao, wanajua fika kwamba sehemu ya ile kodi wanaitoa wao. Kwa hiyo waliokwambia bei inapanda na waliokwambia inashuka wote wako sahihi, wanasimama pande mbili za tozo moja.

Kambi_Hapa amejibu:

Uzi wa maana huu, naendelea kufuatilia. Mwenye uelewa wa gesi aje.

Dada_Turbini amejibu:

Nije mie basi, nimekaa miaka kwenye chumba cha kuendeshea mitambo ya umeme wa gesi na hizi bei za kaboni tulikuwa tunaziangalia kila asubuhi kabla hata ya kuangalia hali ya hewa.

Kaka Hesabu, gesi mwanzoni ilifaidika sana, na ilifaidika kwa kumnyang'anya makaa ya mawe. Mtambo wa makaa unatoa karibu tani 0.9 za ukaa kwa kila megawati-saa moja ya umeme, mtambo wa kisasa wa gesi kama 0.37. Kibali kikiwa euro 20, makaa yanaongezewa euro 18 na gesi euro 7 na kitu, tofauti ni ndogo, makaa ambayo ni rahisi kununua bado yanashinda. Kibali kikifika euro 80 makaa yanabeba euro 72 na gesi kama 30, hapo mwenye mtambo wa makaa anazima mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Yani hakuna polisi, hakuna amri, ni hesabu ya asubuhi tu.

Uingereza ndo mfano mzuri kuliko yote. Soko la vibali la Ulaya lilianza 2005 lakini kwa miaka mingi vibali vilikuwa vingi kupita kiasi, kuanzia kama 2012 mpaka 2017 bei ilikuwa inacheza chini ya euro 10 na makaa yakaendelea kutamba. Waingereza wakaona hawawezi kusubiri, Aprili 2013 wakaweka tozo yao ya ziada juu ya ile ya Ulaya, ikapanda hadi pauni 18 kwa tani. Mwaka 2012 makaa yalikuwa yanafua karibu asilimia 40 ya umeme wao. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho wa makaa, wa Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa. Kwenye miaka michache ya mwanzo gesi ndo iliziba sehemu kubwa ya pengo, upepo ukaja kuchukua nafasi yake baadaye.

Ila soko hili lina tabia yake na mwaka 2022 ilionekana wazi. Gesi ilipopanda Ulaya, Agosti ile ikavuka euro 300 kwa megawati-saa, hata ukiongeza kaboni makaa yakawa rahisi tena, mitambo ikarudi kuchoma makaa, makaa yanahitaji vibali vingi, vibali navyo vikapata wanunuzi. Februari 2023 kibali kilivuka euro 100 kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja baadaye kikawa kwenye hamsini na kitu viwanda vilipopunguza uzalishaji na gesi iliposhuka. Siku hizi mfanyabiashara wa gesi asiyeangalia bei ya kaboni anafanya biashara macho kafumba, hizo bei mbili zinavutana kila siku.

Sasa huko kufungiwa mlango ulikosikia, ni methani. Gesi asilia karibu yote ni methani, ukiichoma inatoa ukaa, ikivuja kabla ya kuchomwa inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya ukaa ukihesabu kwa miaka 20. Ikivuja karibu asilimia 3 ya gesi kati ya kisimani na mtamboni, kwa hesabu hiyo ya miaka 20 ile faida yote dhidi ya makaa imeyeyuka. Na haionekani kwa macho jamani. Nimewahi kusimama kwenye kituo cha kushindilia gesi, bomba linang'aa, hakuna harufu, hakuna sauti, ukiangalia kwa macho kila kitu kiko sawa kabisa. Fundi akanipa kamera ya miale ya joto niangalie, kwenye kioo nikaona moshi mweusi unatoka kwenye mfuniko wa valvu moja unapanda juu kama bomba la moshi la nyumba inayopikiwa. Nikashusha kamera, hakuna kitu. Nikainua, moshi. Nati chache zilikazwa ukakata palepale. Tangu siku ile mtu akiniambia gesi ni safi namuuliza imepimwa na nani.

Na sasa Ulaya wanauliza hivyohivyo kwa sheria. Kanuni yao ya methani ilianza Agosti 2024. Ndani kwao inalazimisha kutafuta mivujo na kuiziba na inakataza kuchoma gesi ovyo visimani. Lakini moto uko kwa waagizaji: kwa mikataba mipya, kuanzia Januari 2027 mwagizaji athibitishe kwamba gesi, mafuta ghafi au makaa anayoleta yamepimwa na kuhakikiwa kwa kiwango sawa na cha Ulaya, 2028 aanze kutoa taarifa ya kiasi cha methani kinachotoka kwenye uzalishaji wake, na 2030 kiwekwe kikomo cha juu. Ulaya inaagiza sehemu kubwa sana ya gesi inayotumia, kwa hiyo kanuni hii inakwenda mpaka kisimani, Algeria, Nigeria, Marekani, Qatar. Shehena mbili za LNG (gesi ya kimiminika) zinazotoa joto sawa zikichomwa na zenye bei sawa zinaanza kuwa bidhaa mbili tofauti kwa sababu moja ina vipimo na nyingine haina. Wauzaji wanalisukuma jambo hili lilegezwe na huenda likalegezwa hapa na pale, lakini satelaiti zinazoona mivujo mikubwa ziko juu tayari, huwezi tena kusema hatukujua.

Hoja_Kwanza amejibu:

Nawaheshimu wote wawili hapo juu na hesabu zenu sina ugomvi nazo, ila mnamwambia jamaa kana kwamba njia ni moja na inakwenda mbele tu. Angalieni yaliyotokea. Canada walikuwa na tozo ya kaboni kwenye mafuta ya mlaji, Aprili 2025 ikaondolewa, imebaki ya viwandani. Marekani walipitisha 2022 ada ya methani, dola 900 kwa tani kwa hewa ya 2024 na ilikuwa ipande mpaka 1,500, mwaka 2025 bunge lao likaisogeza mpaka 2034. Shirika la bahari la Umoja wa Mataifa lilikubaliana Aprili 2025 rasimu ya kutoza meli duniani kote, Oktoba ulipofika wakati wa kuipitisha wakaahirisha mwaka mzima kwa shinikizo la Marekani na Saudi Arabia. Qatar, waziri wao wa nishati Saad al-Kaabi alisema wazi Desemba 2024 kwamba kama Ulaya itawapiga faini ya asilimia 5 ya mapato ya dunia nzima kwa sheria yake ya uwajibikaji wa makampuni (inayoyataka yazuie madhara kwa watu na mazingira), basi gesi hawapeleki. Hata mahakama, kule The Hague, Uholanzi, Mei 2021 waliiamuru Shell ipunguze hewa yake ya ukaa kwa asilimia 45 kufikia 2030, Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta ile asilimia.

China nao wana soko la kaboni tangu 2021, kubwa kuliko yote duniani kwa tani, lakini lilivyoanza lilikuwa linaangalia mtambo unatoa kiasi gani kwa kila uniti ya umeme, sio jumla. Ukifua umeme mwingi zaidi unapewa vibali vingi zaidi. Hilo linawasukuma watu kununua mtambo bora wa makaa, haliwasukumi kuacha makaa.

Halafu lipo hili ambalo mimi ndo linaniuma. Dunia inatumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku. Pipa ambalo Ulaya haikulitaka linapata mnunuzi mwingine kwa punguzo. Mwanauchumi wa Ujerumani Hans-Werner Sinn alieleza zamani kwamba mwenye kisima akijua kesho soko litabanwa, leo anaharakisha kutoa na kuuza kabla mali haijakosa thamani, sheria ya kupunguza ikaishia kuongeza kwa miaka ya mwanzo. Na kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zikibanwa zinauza visima vya zamani kwa kampuni binafsi ambazo hazitoi taarifa kwa mtu yeyote, kwenye vitabu vya muuzaji hewa imepungua, kisima kiko palepale kinawaka moto usiku kucha. Benki ya Dunia walikadiria gesi iliyochomwa hivyo visimani mwaka 2024 ni kama mita za ujazo bilioni 151. Hiyo ni gesi inayoteketea bila kupika hata chai, wakati kuna watu wanakata miti kupata kuni. Sheria gani imeigusa hiyo?

Pipa_na_Tani amejibu:

Hoja_Kwanza umesema kweli tupu kwenye tarehe zote na hilo la kuuza visima ni tatizo kubwa, sitalipunguza. Lakini kuyumba kwa sheria nako kunalibadilisha soko, na watu hawaoni. Mtu anayejenga kiwanda cha kusindika gesi anategemea kukitumia miaka 30 au 40. Hajui 2040 kaboni itakuwa bure au dola 150. Mwenye benki naye hajui, kwa hiyo anapandisha riba au anataka mnunuzi asaini mkataba mrefu, na wanunuzi wengi wa Ulaya hawataki mkataba unaokwenda mbali zaidi ya mwaka ambao sheria yao inataka ukaa unaotolewa usizidi unaoondolewa, yani 2050. Kampuni nyingi za mafuta zinaweka bei yao ya ndani ya kaboni kwenye hesabu za mradi hata pale ambapo hakuna serikali inayotoza. Miradi ya gharama kubwa na yenye hewa chafu nyingi, kama mafuta ya mchanga na ghafi nzito, inakufa kwenye karatasi kabla hata ya kuchimbwa na hakuna gazeti linaloandika mradi ambao haukuwepo.

Na pale sheria ilipokaa bila kuyumba matokeo yake yapo. Norway waliweka kodi ya kaboni kwenye majukwaa ya baharini mwaka 1991, na wao ni wauzaji wakubwa wa mafuta na gesi wenyewe. Gesi ya Sleipner, eneo lao la gesi baharini, ilikuwa inatoka ardhini na asilimia 9 hivi ya ukaa ndani yake, wanunuzi wanataka isizidi asilimia 2.5, kwa hiyo lazima itenganishwe. Kwingine kwingi ukaa ule ungeachiwa hewani. Kule, ukiuachia unalipia kila tani, wakaona bora wausukume chini kwenye tabaka la mchanga la Utsira, wakaanza 1996, miaka ya mwanzo karibu tani milioni moja kwa mwaka. Eneo lao la mafuta la Johan Sverdrup lililoanza 2019 linatumia umeme wa maji kutoka nchi kavu badala ya kuchoma gesi jukwaani, linatoa chini ya kilo moja ya ukaa kwa kila pipa linalochimba.

Ila nisiifunike hoja yako. Kilo moja kule kisimani, halafu pipa lile lile likifika kwenye injini linatoa kilo 430. Tozo ya kisimani inasafisha uchimbaji, hailigusi pipa lenyewe. Ndo maana mimi naona ile ya mlaji na ile ya meli zina uzito zaidi kuliko matangazo ya mafuta yenye kaboni ndogo.

Hesabu_za_Mizigo amejibu:

Aisee nashukuru sana, nimeyapiga chapa yote haya nikampelekea bosi. Dada Turbini ile ya kamera imenigusa. Swali la nyongeza tu kama hamjachoka: kuna wateja wetu wanaulizia ule ushuru wa kaboni wa mipakani wa Ulaya ulioanza kuhesabiwa 2026. Mafuta na gesi zimo? Maana nimesoma orodha sijaziona na nikashangaa.

Dada_Turbini amejibu:

Hujakosea kusoma kaka, hazimo. Orodha ni saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni. Kipindi cha kutoa taarifa tu kilianza Oktoba 2023, na hewa inayohesabiwa kwa kulipiwa ni ya bidhaa zinazoingia kuanzia Januari 2026. Lakini gesi imo kwa mlango wa nyuma, angalia mbolea. Mbolea za naitrojeni zinatengenezwa na amonia, amonia inatengenezwa kwa gesi asilia, hapo gesi ni malighafi na ni moto wa kiwanda kwa wakati mmoja. Tani moja ya amonia kwa njia ya gesi inatoa karibu tani 2 za ukaa, kwa njia ya makaa inakaribia mara mbili yake. Kwa hiyo nchi yenye gesi nyingi ambayo badala ya kuiuza yenyewe inaigeuza mbolea ikaipeleka Ulaya, inakutana na bei ile ile ya kaboni mpakani. Na mwenye gesi isiyovuja, mwenye kukamata ukaa wake kiwandani, anapata nafasi ya kuuza pale mwenzake anaposhindwa.

Kwa kazi yako zingatia mambo mawili. Anayetoa tamko ni mwagizaji wa Ulaya, sio nyie wasafirishaji, lakini atawasumbua nyie kwa makaratasi. Na kuna msamaha kwa mwagizaji ambaye bidhaa zake za orodha hiyo hazizidi tani 50 kwa mwaka, isipokuwa umeme na hidrojeni, kwa hiyo wateja wadogo wengi hawaguswi kabisa, waulize tani zao kwanza kabla hamjaanza kuhangaika. Kwa waliovuka tani 50, wahimize wapate vipimo halisi vya hewa kutoka kiwandani vikiwa vimehakikiwa. Wasipokuwa navyo wanahesabiwa kwa viwango vya jumla vilivyowekwa na Ulaya, na vile vimepandishwa makusudi, kiwanda kizuri kinajikuta kinalipia hewa ambayo hakikuitoa.